Chuo kikubwa, milango midogo

Watu wengi wanaoingia chuo kikubwa cha umma wanakuja wakidhani ni shule kama shule nyingine, ila imeongezwa ukubwa tu. Sio kweli bana. Sekondari hata uwe mkimya vipi kuna mwalimu anakujua jina, usipoonekana siku mbili kuna mtu atauliza fulani yuko wapi. Chuoni unaweza ukapotea mwezi mzima na asistuke mtu, na sio kwamba watu wana roho mbaya, ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kukuulizia. Mimi naona hilo ndo la kwanza kulielewa, maana usipolielewa utakaa kusubiri kuitwa na hakuna atakayekuita.

Nilisoma sosholojia, kwa hiyo mwaka wa pili tukakutana na maandiko ya Martin Trow, msomi wa Marekani ambaye mwaka 1973 aliandika kwamba elimu ya juu inapita ngazi tatu. Ikiwa inachukua chini ya asilimia 15 ya vijana wa rika la kwenda chuo ni elimu ya wachache, kuanzia 15 mpaka 50 ni elimu ya umati, ikipita 50 inakuwa ya wote. Na hoja yake ni kwamba ukihama ngazi sio idadi tu inayobadilika, mpaka namna ya kufundisha na uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi vinabadilika. Niliposoma pale nikaona kama mtu ananieleza maisha yangu. Vyuo kama Sapienza ya Roma vina wanafunzi zaidi ya laki moja, UNAM ya Mexico imepita laki tatu, huo ni mji kamili, sasa mji gani unamjua kila mkazi? Lakini ukiangalia vizuri kuna vitu vimebaki humo ndani vinavyofanya kazi kama vile wanafunzi bado ni wachache: saa za ofisi, mshauri wa masomo, semina, mkutubi anayekaa pale kwa ajili ya kuulizwa. Vitu hivi vipo na vinalipiwa, ila havijitangazi. Ndo nayoiita milango midogo, na karibu kila kitu kizuri nilichopata chuoni nilikipatia huko, sio kwenye ukumbi mkubwa.

Ukumbi mkubwa wenyewe una mambo yake lakini. Kozi za mwaka wa kwanza zinajaa kiasi kwamba kuna watu wanakaa kwenye ngazi, wengine wamesimama mlangoni wanaandikia kwenye mgongo wa mwenzao, maiki inakwaruza, mhadhiri anasema "mnanisikia huko nyuma?" na huko nyuma wanaitika ndiyoo kumbe hawajasikia hata alichouliza, wameitikia kwa sababu wa mbele wameitika. Daftari moja linashika viti sita. Mwenye daftari ameamka usiku. Watu wanalalamika kuhusu hii vita ya viti, mimi nilikuja kugundua ina faida moja kubwa, kwamba ukikaa sehemu ileile kila lekcha, wale wanaokuzunguka nao ni walewale, na baada ya muda mnaanza kuulizana mbona jana hukuja, mnapeana notisi, mnajuana. Umati wa mamia unageuka kuwa watu wanane.

Hii nayo ina utafiti wake. Mwanasaikolojia Festinger na wenzake Schachter na Back walichunguza nyumba za wanafunzi wenye familia pale MIT, chuo cha Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1950, wakakuta kwamba urafiki ulifuata sana ukaribu wa milango na njia watu wanazopita, hata aliyekaa karibu na ngazi au masanduku ya barua alijuana na watu kuliko aliyekaa kwenye kona, tena hapo hatuzungumzii tabia wala dini wala wanapenda mziki gani. Kwa hiyo ukiona mtu anahama kiti kila siku, leo mbele kesho nyuma, keshokutwa anasikiliza akiwa dirishani, huyo anajinyima marafiki bila kujua. Chagua sehemu, kaa hapo. Na isiwe nyuma kabisa, nyuma kule ni nchi nyingine.

Sasa saa za ofisi. Kila mhadhiri kwenye kurasa za mwanzo za mpango wa kozi ameandika siku na saa ambazo yuko ofisini kwa ajili ya wanafunzi. Wanafunzi wengi wanairuka hiyo mistari, wanakwenda moja kwa moja kwenye alama za kosiweki, yaani kazi na testi za ndani ya semista, na tarehe za testi. Matokeo yake semista karibu nzima mwalimu amekaa peke yake mlango wazi, af wiki ya mwisho kabla ya mitihani foleni inatoka mlangoni mpaka kwenye ngazi na kila mmoja anapewa dakika tatu za haraka haraka. Yaani msaada uleule, ukienda wiki ya nne unapata nusu saa na kiti, ukienda wiki ya kumi na nne unajibiwa ukiwa umesimama.

Kuna siku nilimsindikiza jamaa niliyekuwa nakaa naye lekcha kwenda kwa msaidizi wa mhadhiri, TA tunavyomwita, wa takwimu. Takwimu ndo kozi iliyokuwa inatoa watu machozi, wa sosholojia wengi tulidhani tumezikimbia hesabu kumbe zimetutangulia. Jamaa alikuwa amekasirika, jibu lake la mwisho lilikuwa sahihi mpaka desimali ya pili na amepewa 5 kati ya 10, wakati mwenzetu mwingine jibu lake lilikuwa limekosewa kabisa na ana 8. Njia nzima anasema huyu TA ana upendeleo, huyu hata hasomi anaangalia mwandiko. Tukaingia.

"Samahani mwalimu, tunaomba kuona huu usahihishaji."

"Karibuni, kaeni. Lete nione."

Hakukasirika wala nini. Akafungua droo akatoa karatasi moja iliyochapwa, mwongozo wa kusahihishia, akauweka kando ya pepa ya jamaa akaanza kushuka nao kwa kalamu. Kutaja nadharia tete zote mbili, yaani yale madai mawili unayoyapima, alama 2, hujaandika. Kuchagua kipimo, alama 1, umepata. Kukokotoa, alama 4, umepata zote. Thamani ya kwenye jedwali unayolinganisha nayo, alama 1, hujaionyesha. Kueleza kwa maneno matokeo yanamaanisha nini kwa tatizo lililoulizwa, alama 2, umeishia kwenye namba. Hesabu mwenyewe: 5. Yule mwingine aliteleza kwenye kukokotoa katikati akapoteza 2 tu, ila vingine vyote aliviandika na hitimisho lake lilikubaliana na namba aliyoipata. Jamaa alinyamaza, af akauliza swali zuri, sasa mbona hamtuambii? TA akacheka, akasema "nimesema kwenye lekcha ya pili, siku ile ukumbi ulikuwa umejaa mpaka nje."

Nimewahi kuwasimulia watu hii wakaniambia ah, hiyo si ni kutafuta alama tu. Sio alama tu. Kwa takwimu, jibu la namba ni sehemu ndogo ya kazi, kazi yenyewe ni kusema umeuliza nini na umegundua nini, na mwongozo wa kusahihishia ulikuwa unatuonyesha hilo kuliko lekcha yenyewe. Kuanzia hapo pepa yoyote iliyorudishwa nilikuwa naisoma kwa kuuliza huyu mtu analipia nini. Na pepa za miaka ya nyuma ukizisoma kwa jicho hilo zinasema mambo mengi, sio maswali yatakayorudi, hapana, kuwinda maswali ni bahati nasibu, bali aina ya kazi wanayoitaka. Wakisema "jadili" wanataka pande mbili na msimamo wako, wakisema "eleza" usiwaletee ubishi.

Tukija kwenye kujisomea, chuo kina utamaduni wa kukesha ambao naona unasifiwa kupita kiasi. Mtu anajitapa kabisa, jana nimepiga msuli mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ukimuuliza amefanya nini anakwambia nimerudia madesa yote mara tatu. Sasa kurudia kusoma kunadanganya, kwa sababu mara ya tatu macho yanateleza tu na unajisikia unajua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo, kundi moja wanasoma kifungu tena na tena, jingine wanasoma af wanafunika wanaandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo wanaongoza. Wakipimwa baada ya wiki moja inageuka, waliojipima wanaongoza kwa mbali, kwenye jaribio lao moja waliosoma tu walikumbuka kama asilimia 40 na waliojipima asilimia 61. Ndo maana mkeshaji anatoka mtihani wa asubuhi anatabasamu, na mwezi unaofuata kozi inayojengwa juu ya ile inamkuta mtupu.

Kwenye grupu letu la diskasheni tulikuwa na utaratibu mmoja ambao nadhani ulitusaidia kuliko kitu kingine, kwamba hairuhusiwi kufungua daftari nusu saa ya kwanza. Mmoja anasimama ubaoni, kuna vyumba vya madarasa vinakuwa wazi jioni, anaeleza mada kwa kichwa, wengine wanamkatisha. Mara ya kwanza ni aibu tupu, mtu amesimama na chaki hajui aanzie wapi. Ila unapokwama pale mbele ya watu ndo unajua hasa ni kitu gani hukijui, na hicho hukisahau tena. Grupu likizidi watu sita linakuwa kijiwe, ukweli usemwe. Wawili wanaongea, wengine wapo kwenye simu, na kuna yule anayekuja siku za kugawana maswali tu.

GPA nayo, yaani wastani wa alama zako zote za chuo. Sijui kwa nini hatukuwahi kukaa na mtu akatufundisha hesabu yake siku ya kwanza, maana ni hesabu ya darasa la sita na inaamua mambo mengi. Kila kozi ina uzito wake wa krediti, alama yako inazidishwa na uzito, mnajumlisha, mnagawa kwa jumla ya krediti. Chukua skeli ya 4 ambapo A ni 4 na B ni 3. Una kozi mbili, moja ya krediti 4 na nyingine ya krediti 2. Ukipata A kwenye ile ndogo na B kwenye kubwa ni 20 gawa kwa 6, yaani 3.33. Ukigeuza, A kwenye kubwa, B kwenye ndogo, ni 22 kwa 6, 3.67. Gredi zilezile! Na watu wanakesha na kikozi cha krediti 2 kwa sababu mwalimu wake ni mkali, huku kozi ya krediti 4 inawaponyoka kimya kimya kwa sababu mwalimu wake ni mpole.

Jambo la pili kwenye hiyo hesabu ni kwamba krediti zikishakuwa nyingi GPA inakuwa nzito kama meli, haigeuki. Mtu mwenye krediti 100 na GPA ya 3.0, akipiga semista ya krediti 15 A tupu, anafika 3.13 tu. Ndo hivyo. Kwa hiyo ule msemo wa "mwaka wa kwanza tunazoea mazingira kwanza, tutakaza mwaka wa tatu" ni msemo wa watu ambao hawajapiga hesabu. Ile sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, ya mwaka wa kwanza unaweza ukaifuta, ila ule wastani wa chini utatembea nao mpaka mahafali.

Halafu kuna makaratasi, hapa nitakwenda haraka maana kila mtu aliyepita chuo ana yake. Kuna semista matokeo yalibandikwa na kwenye kozi moja mbele ya namba yangu kukawa na kistari tu, hakuna kosiweki. Namba za usajili za watu wawili zilikuwa zinatofautiana tarakimu moja. Niliandika barua pepe, kimya. Nikaandika nyingine, kimya. Mwisho nikaenda kwa sekretari wa idara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekuja na nini mkononi?"

Sikuelewa swali mpaka alipolirudia. Alitaka karatasi. Bahati ni kwamba nilikuwa natunza testi zangu zote zilizorudishwa kwenye faili moja la plastiki, nikazitoa, akazitazama, akanyanyua simu ya mezani akaongea na mtu dakika moja, akaniambia "njoo kesho kutwa uangalie." Nilipokuja kuangalia ilishakaa sawa. Sasa hapo nilijifunza mambo mawili. Kwanza, kwenye idara yoyote mtu anayejua mambo yanakwendaje sio mkuu wa idara, ni sekretari, na wanafunzi wanampita bila salamu kama vile ni sehemu ya fanicha. Pili, mfumo ukikosea, wewe ndo unayetakiwa kuwa na ushahidi, mfumo hauna. Testi, asaimenti zilizosainiwa, risiti za malipo, fomu ya usajili wa kozi, piga picha zote na za karatasi tunza. Mtu akikwambia usijali ipo kwenye kompyuta, jali.

Kuna kitu hakisemwi sana, upweke. Unaweza ukadhani mahali penye watu maelfu huwezi kuwa mpweke, kumbe pale ndo mahali pake, kwa sababu kila unapogeuka unaona watu wako makundi makundi wanacheka na unahisi wote walishapatana kabla wewe hujafika. Wiki za kwanza Jumapili jioni ilikuwa mbaya kuliko siku zote, mabweni yanakuwa kimya, watu wako kwenye simu na nyumbani. Nilichokiona kinasaidia ni kitu chenye ratiba, sio sherehe. Sherehe unakutana na watu hamsini na kesho yake hakuna anayekukumbuka, ila kwaya ina mazoezi Jumanne na Alhamisi, klabu ya mdahalo ina zamu, timu ina kocha anayekuuliza mbona umechelewa. Hicho "mbona umechelewa" ndo dawa yenyewe. Na kama hali inazidi hapo, huli vizuri, hulali, huendi lekcha, nenda kitengo cha ushauri nasaha au mwambie mtu wa karibu akupeleke, hii sio ya kusubiri ipite yenyewe.

Pesa nitasema sentensi moja tu, kwamba ikiwa yako inaingia kwa mkupuo mwanzo wa semista, gawa kwa idadi ya wiki siku ileile ilipoingia, kabla ya kununua chochote, kwa sababu wiki ya pili kila mtu ni tajiri na wiki ya kumi na mbili watu wanasalimiana kwa uangalifu.

Na wale watu wa kiti cha jirani usiwachukulie poa hata kama sio marafiki zako wa damu. Kibarua changu cha kwanza cha kukusanya data nilikisikia kwa mtu ambaye hata jina lake la pili sikulijua, tulikuwa tunakaa karibu semina ya mbinu za utafiti, akaniambia tu kuna mwalimu anatafuta watu wa kuhoji, wewe si unapenda kuongea. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliandika jambo hili mwaka 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu kwamba huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi, asilimia kama 17 tu walisema mara kwa mara, wengi wakasema mara chache chache. Sababu yake ina mantiki, rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, mko grupu moja la meseji, mnasikia tangazo moja. Yule wa mbali kidogo anatoka kwenye duara jingine na habari zake ni mpya.

Mwaka wa mwisho ndo nikaona kabisa tofauti ya walioingia kwenye milango midogo na waliobaki ukumbini. Watu wanaomba kazi, wanaomba kusoma zaidi, fomu inataka barua za rekomendesheni kutoka kwa walimu wawili. Kuna wenzangu wenye GPA nzuri kuliko yangu walikuwa wanazunguka idarani hawajui wamwombe nani, maana hakuna mwalimu hata mmoja anayeweza kuandika zaidi ya "huyu alisoma kozi yangu akapata A", na hilo transkripti imeshalisema. Mwalimu sio kwamba anabana, kweli hana la kuongeza, alikuona kama kichwa kimoja kwenye vichwa mia nne.

Mimi nilikwenda kwa yule TA wa takwimu, wakati huo alishamaliza udaktari wake na alikuwa mhadhiri kamili. Hakunikumbuka jina ila alikumbuka ubishi wa 5 na 8, na nilikuwa nimeendelea kumsumbua ofisini kwake semista mbili baada ya hapo. Akakubali. Akaniambia niandike ukurasa mmoja, nimefanya nini kwenye kozi zake, nimefanya nini kwenye kile kibarua cha data, ninaomba nini na kwa nini, na tarehe ya mwisho niiweke juu kabisa kwa herufi kubwa maana ana barua nyingine kumi na moja za kuandika. Nikampelekea siku iliyofuata, na nakala nikaiweka kwenye faili la plastiki.